Msimamizi wa mirathi akinyamaza, anzia kwenye jalada

Warithi wengi wanaokuja ofisini kwangu hapa Mbeya hawagombanii nani arithi nini. Wana shida na mtu mmoja: baba mdogo, kaka mkubwa, wakati mwingine mama wa kambo, aliyepewa barua ya usimamizi wa mirathi kisha akanyamaza. Vyumba vya Mwanjelwa vina wapangaji, mashamba ya mpunga Mbarali yanakodishwa kila msimu, malipo ya kahawa ya Mbozi yanapokelewa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na hakuna anayejua fedha zimekwenda wapi. Ukimsalimia shikamoo na kumuuliza, anakujibu kwa upole: "Mwanangu, mirathi haina haraka."

Ina haraka, tena sheria imempangia muda. Barua ikiwa imetolewa na Mahakama ya Mwanzo, ndani ya miezi 4 anatakiwa kuwasilisha mahakamani orodha ya kweli na kamili ya mali na madeni ya marehemu, kwa Fomu Na. V. Baada ya hapo, kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga, analeta hesabu kwa Fomu Na. VI: kilichoingia, kilicholipwa, kilichouzwa, kilichogawiwa. Mirathi inayoendeshwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, kama zile za Mahakama Kuu, orodha hutakiwa ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka 1. Aliyeteuliwa na marehemu mwenyewe kwenye wosia naye anabanwa na wajibu huohuo. Muda unaweza kuongezwa, ila ni mahakama inayouongeza, si yeye.

Kwa hiyo kabla ya kuitisha kikao kingine cha ukoo, nenda mahakamani ukiwa na namba ya shauri la mirathi. Hukuipata? Jina la marehemu na mwaka shauri lilipofunguliwa vitamsaidia karani kulitafuta. Andika barua kwa hakimu mfawidhi, jieleze kuwa wewe ni mrithi, omba kuperuzi jalada, yaani faili la shauri, na kupewa nakala ya Fomu Na. V na Na. VI. Mrithi ana haki ya kujua kilichomo.

Isome ile fomu taratibu. Nimeshika mikononi fomu zilizoandikwa hivi: "Nyumba moja, shamba moja, ng'ombe wawili." Basi. Nyumba ipo mtaa gani, kiwanja namba ngapi? Shamba ni ekari ngapi, lina nini juu yake? Kwetu Nyanda za Juu Kusini swali hilo la mwisho ni zito. Shamba la miti Mufindi bila miti ni kitu kingine kabisa. Fomu inayotaja ardhi ikanyamazia misonobari iliyo juu yake inaacha mlango wazi: miti inakatwa, roli linaondoka kwenda Mafinga, na mwisho wa yote msimamizi anawagawia warithi visiki huku karatasi ikionekana safi. Fomu nzuri inataja kijiji, mipaka, ekari, aina ya miti na umri wake, pamoja na kodi ya kila chumba na jina la mpangaji. Ukikuta kilichoachwa, kiandike pembeni na utafute ushahidi wake mapema: risiti, mkataba wa pango, jirani anayejua roli liliingia lini.

Kuna jambo linalowaumiza wateja wangu wakilisikia. Sheria haimlazimishi msimamizi kupata saini ya kila mrithi kabla ya kuuza mali ya marehemu. Anaweza kuuza ili alipe madeni au agawe fedha. Kwa hiyo hoja ya "aliuza bila kutushirikisha" peke yake haitoshi. Uliza aliuza kwa bei gani, kwa nani, na fedha zinaonekana wapi kwenye hesabu. Akiuza kwa shemeji yake kwa bei ya kutupa, hapo una hoja nzito.

Kama mali bado haijauzwa, wahi. Kwa kiwanja chenye hati, wasilisha zuio, au kaveati kama wanavyosema mawakili, kwa Msajili wa Hati. Ardhi ya kijiji ambayo haijasajiliwa, peleka barua kwa mtendaji wa kijiji ukiambatanisha nakala ya barua ya usimamizi, kisha iombe mahakama itoe amri ya kuzuia mauzo. Na kumbuka, jina la msimamizi likiingia kwenye hati, linaingia kwa niaba ya mirathi. Halimpi umiliki binafsi.

Ombi lako lipeleke mahakama ileile iliyotoa barua. Kikao cha ukoo nakiheshimu, maana ndicho kwa kawaida kinachompendekeza msimamizi, lakini hakina mamlaka ya kumwondoa. Polisi na baraza la ardhi mara nyingi watakurudisha hukohuko, na miezi imeshapita. Kwanza omba aamriwe kuleta orodha na hesabu. Akikaidi, akileta za uongo, au ikibainika aliipata barua kwa kuficha mrithi fulani, omba uteuzi wake utenguliwe na barua irudishwe. Nenda na jina la mtu mwingine ambaye warithi wanamwamini, ili mirathi isibaki bila msimamizi. Akiwa amefuja mali, anaweza kuamriwa kufidia hasara kutoka mfukoni mwake.

Usiporidhika na uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo, rufaa inakwenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aulize halmashauri kuhusu wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Msaada wao ni bure, na barua ya kuomba jalada wanaweza kukuandikia siku hiyohiyo.