Mchanga haushiki kitu: kutunza uwanja wa nyumba Tanga

Kabla ya kununua mche wowote, mwagia siki kidogo kwenye udongo wa uwanja wako. Ukitoa povu, hapo pana chokaa ya matumbawe, jambo la kawaida kwa nyumba za upande wa baharini. Usipotoa povu, na ukiukamata unakumwagikia vidoleni, ni mchanga mtupu.

Penye chokaa, mndimu hutoa majani machanga ya manjano yenye mishipa ya kijani. Chuma kimo ardhini, ila chokaa inazuia mizizi kukifyonza. Wengi hapo hukimbilia majivu ya jikoni, na majivu ndiyo yanayozidisha ugonjwa. Weka samadi iliyooza. Umanjano ukizidi, nyunyizia majani mbolea ya maji yenye chuma, jioni jua likishapoa.

Mchanga una shida nyingine: maji na mbolea vinapita kama kwenye chujio. Mbolea ya dukani itie kidogo kidogo, kiganja kimoja kila baada ya wiki tatu kuzunguka mti, si kopo zima siku moja. Na fagio letu la asubuhi nalo lina lawama. Kufagia mbele ya mlango, sawa. Kukusanya majani yote na kuyachoma ni kuunyima mchanga chakula pekee ulicho nacho. Yasukumie chini ya miti, unene wa sentimita 8 hivi, yasiguse shina.

Mashimo ya miti yachimbwe mwanzoni mwa Machi, sentimita 60 kila upande na kwenda chini. Sakafuni panga makumbi ya nazi, tumbo likitazama juu, yashike maji. Udongo wa juu changanya na ndoo mbili za lita 20 za samadi iliyooza, rudisha, acha utulie. Mvua ya kwanza ya masika isikudanganye: panda pale tu ukichimba hadi kina cha kiwiko unakuta unyevu mpaka chini. Mche wa kubebesha, yaani uliounganishwa juu ya shina la mche mwingine, kiungo chake kibaki juu ya udongo kwa kimo cha kiganja, kikifukiwa, kinaoza.

Wakati wa kusi, Juni hadi Agosti, ndipo mchicha na nyanya hustawi, ila upepo huleta chumvi. Ncha za majani zikiungua upande wa baharini tu, huo si ugonjwa. Suuza kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, na weka kizuizi cha makuti.

Mwenye minazi amwangalie chonga. Mdudu huyu hutoboa kilele, akakata kuti likiwa bado limefumba. Likifunguka unaliona limekatwa pembetatu kama kwa mkasi. Mvute kwa waya wenye ndoano, kisha jaza mchanga mkavu kwenye makwapa ya makuti ya juu. Dawa hiyo haitoshi kama shina la mnazi uliokufa bado limelala nyuma ya banda, au lundo la samadi halijaguswa miezi: humo ndimo anamozaliana. Shina lipasue ulichome, lundo ligeuze kila wiki mbili. Funza weupe walionenepa na kujikunja, waachie kuku.

Vuli, Oktoba hadi Desemba, ni nafasi ya pili ya kupanda. Fupi, haina subira na wazembe. Usinyoe ukoka hadi mchanga uonekane. Bakiza sentimita 5, kwani kaskazi inakuja na jua lake.

Januari na Februari, mche wa mwaka wa kwanza upate lita 20 mara mbili kwa wiki, polepole, asubuhi mapema. Kijiko kimoja cha maji kila siku kinalowesha juu tu, mizizi inafuata juu na kuungua. Kama kisima chako kina chumvi, mwagia chini, kamwe usimwagie majani, na umwagie kwa wingi ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Vifuu vyote vilivyobaki uwanjani vigeuze vifudifudi. Vikishika maji, mbu huzaliana humo.