Namba kwanza: ninavyotafuta spea za lori la jeshi lililostaafu

Mtu akinunua lori la jeshi mnadani, swali lake la kwanza kwangu huwa "spea napata wapi?" Nami humrudishia swali: namba ya hiyo spea ni ngapi? Hapo kimya hufuata. Ana picha ya kitu, ana jina alilotajiwa na fundi, anajua aina ya lori, lakini namba hana. Bila namba atazunguka miezi, atanunua vitu vitatu visivyoingia, na mwisho ataamini kwamba spea za magari haya zimekwisha duniani. Hazijakwisha. Nyingi zimelala maghalani, na nyingine ziko kwenye rafu ya duka la kawaida la malori, ila zimeandikwa jina lingine.

Nitaeleza kwa kutumia M35A2 ya Marekani, lori la kubeba tani 2½ lenye ekseli tatu zinazovuta zote, kwa kuwa ndilo nililolifungua na kulifunga kwa mikono yangu. Familia yake ilianza na kampuni ya REO mwaka 1950, kisha Kaiser na AM General wakaendelea kuitengeneza kwa miongo. Ukiwa na lori jingine, majina yatabadilika lakini kazi ni ile ile.

Soma lori lenyewe

Kwenye dashibodi kuna vibati. Kimoja kinataja modeli, mtengenezaji, namba ya usajili ya jeshi na tarehe ya kukabidhiwa. Vipige picha vyote siku ya kwanza, kabla hujavipaka rangi au kuvifuta kwa brashi ya waya. Kisha usiviamini peke yake. Malori haya yalipita katika karakana kuu za jeshi, yakavuliwa hadi chesisi na kuundwa upya. Karakana ilichukua injini iliyokuwa tayari ikaiweka kwenye chesisi iliyokuwa tayari. Kibati cha dashibodi hakijui habari hiyo.

Mimi niliumia kwenye transfa kesi, yaani boksi linalogawa nguvu kwa ekseli za mbele na za nyuma. Kwenye malori ya awali ya familia hii, ekseli ya mbele hujiunga yenyewe magurudumu ya nyuma yanapoteleza, kwa klachi ya mbele ya aina ya spragi, inayoshika upande mmoja tu wa mzunguko. Ya baadaye yana transfa ambayo dereva huiunganisha kwa upepo. Mwaka wa kibati changu ulinionyesha ya zamani, nikaagiza vitu vya ya zamani. Nilipolala chini ya lori na tochi nikakuta bomba la upepo limeingia kwenye transfa. Sehemu zile bado ninazo, zimefungwa vizuri, zinasubiri mtu mwenye lori linalozihitaji.

Kwa hiyo kila mtambo una kibati chake na huo ndio unaousoma: injini, gia boksi, transfa, pampu ya nozeli, alteneta, stata. Kwenye injini herufi ya mwisho ina uzito. LDT-465-1C na LDT-465-1D ni ndugu wa damu, zote mitungi sita, lita 7.8, zenye turbo na zenye kuchoma aina nyingi za mafuta, lakini si kila kitu cha moja kinakaa kwenye nyingine. LDS-427 iliyotangulia ndiyo kabisa, usichanganye.

Jambo jingine la kuangalia ni jina la jumla. Kuna lori la GMC, M135 na M211, lililotoka miaka hiyo hiyo likiwa la daraja hilo hilo la mzigo wa tani 2½. Kwa jicho la haraka linafanana na M35, lakini ndani ni gari tofauti kabisa, hadi gia boksi yake ni ya kujibadilisha. Katika orodha za zamani za jeshi la Marekani M35 iko chini ya G742, na lile la GMC chini ya G749. Lori la GMC CCKW la Vita Kuu ya Pili ni G508. Wauzaji wa vitu vya zamani bado wanatumia namba hizo za G, na kuzijua kunakuokoa na boksi lililoandikwa tu "lori la jeshi, tani 2½".

Namba inasema nini

Kitabu unachohitaji ni cha spea, si cha dereva. Kwa M35A2 namba za vitabu zinaanza na TM 9-2320-361 (TM ni kitabu cha ufundi cha jeshi). Kinachoishia na 10 ni cha dereva, 20 ni cha matengenezo ya kikosini, 34 ni cha kazi nzito. Ukiona P mwishoni, yaani 20P au 34P, hicho ndicho chenye michoro ya vitu vilivyotawanywa na orodha ya namba. Kwa kuwa ni kazi ya serikali ya Marekani havina hakimiliki huko, na nakala zake zimesambaa.

Kila kitu kwenye orodha kina NSN, namba ya ghala yenye tarakimu 13. Nne za kwanza ni kundi la bidhaa. 2530 ni breki, usukani, ekseli na magurudumu. 2520 ni gia boksi, klachi na propela shafti. 2910 ni mfumo wa mafuta ya injini, 2920 ni umeme wa injini, 2930 ni upozaji. 3110 ni beringi, 5330 ni sili na gasketi, 6220 ni taa za gari. Mbili zinazofuata ni nchi iliyokiingiza kitu kwenye orodha: 00 na 01 ni Marekani, 99 Uingereza, 12 Ujerumani, 14 Ufaransa. Saba za mwisho ni za kitu chenyewe.

Ukikutana na boksi lenye tarakimu 11, usilitupe. Hiyo ni namba ya kabla ya 1974, wakati tarakimu za nchi zilikuwa hazijaingizwa. Weka 00 baada ya nne za kwanza na unapata NSN ya leo. Nimewahi kupata sili nilizozitafuta mwaka mzima kwa njia hiyo tu: muuzaji alikuwa ameziorodhesha kama zilivyoandikwa kwenye karatasi, nami nilikuwa natafuta kwa tarakimu 13. Siku hizi natafuta kwa namba zote mbili, na kwa zile saba za mwisho peke yake, kwa sababu kundi huweza kubadilishwa lakini zile saba hubaki.

Kando ya NSN kuna safu mbili ambazo wengi huziruka, na kwangu ndizo zenye dhahabu. Ya kwanza ni msimbo wa herufi na tarakimu tano unaotaja nani anamiliki mchoro, na namba ya sehemu ya mtu huyo. Ukikuta 19207, mchoro ni wa jeshi lenyewe, na kitu hicho huenda kilitengenezwa kwa ajili ya lori hilo tu. Ukikuta msimbo wa kampuni ya beringi au ya sili, furahi. Maana yake jeshi lilinunua kitu cha kawaida likakipa namba yake. Namba ya kampuni ndiyo utakayoipeleka dukani, na muuzaji hatahitaji kujua kwamba lori lako liliwahi kubeba askari.

Safu ya pili ni herufi tano za utaratibu wa upatikanaji. Ikianza na P, kitu kilikuwa kinanunuliwa. Ikianza na K, kimo ndani ya seti ya vitu vinavyotolewa pamoja, kwa hiyo usihangaike kukitafuta peke yake, tafuta seti nzima. Ikianza na M, kitu hicho hata jeshi halikukinunua: mafundi wake walikitengeneza kwa kukata mpira, bomba au bati, na nyuma ya kitabu kuna maelezo ya malighafi na urefu. Nimeona watu wakisaka duniani kote kipande cha hozi ambacho kitabu chenyewe kinawaambia wakate.

Breki na ulaghai wa boksi jipya

Hapa ndipo ninapowaomba watu wasiwe na haraka. M35A2 ina breki za mafuta zinazosaidiwa na upepo, na mfumo wa mafuta ni mmoja kwa magurudumu yote. Silinda moja ya gurudumu ikivuja vya kutosha, pedali inakwenda chini na lori zima linabaki bila breki ya mguu. Lori tupu lina uzito wa tani takriban 6. Sina msamaha na raba za breki za gari la namna hiyo.

Sasa, spea nyingi utakazokutana nazo ni mpya zilizolala stoo. Zimefungwa kwa karatasi yenye nta, zimepakwa grisi nzito, zinang'aa kama zilitoka kiwandani jana. Kwa chuma ni baraka: gia, shafti, mabano, ngoma za breki, hata beringi kama kutu haijaingia. Kwa raba ni mtego. Raba huzeeka ndani ya boksi bila kuguswa na mtu, inakauka, inakuwa ngumu, na ukiikunja unaona nyufa ndogo kama za udongo uliokauka. Ndiyo maana husoma lebo kabla ya kitu. Lebo ya jeshi huwa na NSN, namba ya sehemu, idadi, namba ya mkataba, na mwezi na mwaka wa kufungashwa. Silinda ya breki iliyofungashwa 1985 nainunua kwa furaha kwa sababu ya chuma chake, kisha naivua, naipima ndani, naisugua, na kuweka raba mpya za leo za kipimo hicho. Kuifunga kama ilivyotoka kwenye boksi, sifanyi.

Kipimo cha silinda mara nyingi kimechorwa kwenye chuma chenyewe au kwenye raba ya zamani. Kama hakisomeki, pima kwa vernia. Raba za breki hutengenezwa kwa vipimo vya inchi vinavyojulikana, na yenye kipenyo kile kile kwa lori la kiraia itakaa.

Uliza pia lori lilikuwa linatumia mafuta gani ya breki. Katika miaka ya 1980 jeshi la Marekani lilihamia kwenye mafuta ya silikoni, DOT 5. Hayachanganyiki na yale ya kawaida ya DOT 3 na DOT 4. Yakiwa zambarau huenda ni silikoni, lakini rangi hufifia, kwa hiyo chukua kidogo ukitie kwenye chupa ya maji: silikoni hukaa pembeni bila kuyeyuka, ya kawaida huyeyuka. Ukitaka kubadili aina, badilisha raba zote na usafishe mabomba yote. Na usipake grisi ya kawaida kwenye raba za breki unapofunga. Grisi na mafuta yanayotokana na petroli huzivimbisha.

Viatu vya breki vya zamani vina hatari ya aina yake. Vingi vya enzi hizo vina asbesto. Usivipige msasa na usipulize vumbi la ngoma kwa kompresa. Peleka chuma cha kiatu kikawekwe bitana mpya isiyo na asbesto.

Ninavyogawa msako

Vitu vya kupimika vinatafutwa kwa kipimo. Sili ya mafuta ina kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Beringi ina namba iliyochongwa ubavuni, isipokuwa mtu ameisaga. Hozi za rejeta ni kipenyo na pinda. Balbu ni za volti 24 kama za mabasi na malori mengi. Vioo vya M35 ni bapa, fundi kioo yeyote anakata akipewa fremu. Waya nao wana hisani yao: kila mmoja ulifungwa kibati kidogo chenye namba ya mzunguko, kwa hiyo usikate kibati hata kama waya umeoza.

Bolti za gurudumu zinaniumiza moyo kila ninapoona zilivyovunjwa. Upande wa kushoto zina nyuzi za kushoto, na nyingi zimechorwa L kichwani. Mtu anavuta kwa nguvu akidhani anafungua, kumbe anakaza hadi inakatika, kisha anaanza kusaka bolti ambayo haikuhitaji kubadilishwa.

Kwa malori ya Kisovieti namba ni tamu zaidi kusoma, na natamani kila nchi ingefanya hivyo. Kwenye sehemu ya ZIL-131 tarakimu za mwanzo zinataja gari ambalo kitu kilibuniwa kwa ajili yake, na mbili zinazofuata ni kundi: 10 injini, 16 klachi, 17 gia boksi, 18 transfa, 34 usukani, 35 breki, 37 umeme. Ukiona namba inaanza na 130 badala ya 131, kitu hicho kilitoka kwenye ZIL-130, lori la kiraia lililotengenezwa kwa wingi mno. Msako wako umefupika hapo hapo.

Kinachobaki ni vile vya jeshi tupu, visivyo na ndugu uraiani. Hapo kuna njia mbili tu ninazoziamini. Moja ni kununua lori la pili lililokufa, kama una nafasi ya kuliweka. Kabini iliyooza juu ya ekseli nzima ni stoo kamili. Nyingine ni mkereza vyuma mzuri, anayeweza kukuchongea bushi au pini kwa kuangalia ile iliyolika upande mmoja na kupima upande usiolika.

Pampu ya nozeli ya injini hii, American Bosch yenye kichwa kimoja kinachogawa mafuta kwa mitungi yote sita, sithubutu kuifungua mwenyewe. Pengo kati ya pistoni ya kichwa hicho na tundu lake ni dogo mno, na maji kidogo kwenye mafuta yanatosha kuinata. Yangu iko kwa fundi wa pampu sasa hivi. Kabla ya kuifunga kwenye boksi niliandika daftarini kila tarakimu ya kibati chake, nikachora alama ya rangi mahali gia yake ilipokutana na ya injini, nikaziba kila tundu kwa kifuniko. Aliniuliza kitu kimoja tu kwenye simu, na nilikuwa na jibu tayari.