Maji ya kisima Nairobi: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Maji ya kisima kirefu hayana neno, yametoka kwenye mwamba." Kauli hii nimeisikia mara nyingi nikiwa kwenye foleni ya mitungi mtaani kwetu, na nusu yake ni kweli. Kisima kilichochimbwa kwa mashine, kikajengewa saruji vizuri mdomoni, hukingwa na uchafu wa vyoo vya shimo na mitaro kuliko kile cha kuchimbwa kwa mkono. Tatizo ni mwamba wenyewe. Nairobi imekaa juu ya miamba ya volkano, na maji yanayokaa humo miaka na miaka huyeyusha madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya jiji hili huvuka kiwango hicho.

Hapo ndipo mtu hujibu, "Si tunachemsha?" Katika yote yanayosemwa, hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu anayelisema ni mzazi anayejitahidi. Kuchemsha huua bakteria, virusi na vimelea. Hata huku kwetu juu, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, yakishatokota sawasawa yameiva. Lakini floraidi haiondoki na mvuke. Maji yanapungua, madini yanabaki palepale sufuriani, kwa hiyo kila lita iliyobaki inazidi kuwa nayo.

Jirani yangu alikuwa akimgombeza mwanawe kila asubuhi kwa sababu ya madoa ya kahawia kwenye meno ya mbele. Alidhani mtoto anaudanganya mswaki. Kumbe madoa ya namna hiyo huletwa na floraidi nyingi, nayo huanza jino likiwa bado ndani ya ufizi, katika miaka minane hivi ya kwanza ya maisha, na hakuna mswaki unaoyatoa. Mtoto hakuwa na kosa lolote. Ndiyo maana nasema wadogo wafikiriwe kwanza: maji yao ya kunywa, ya uji na ya maziwa ya kopo yawe ya mvua yaliyovunwa vizuri na kutibiwa, au ya mfereji yanayotoka mabwawa ya Aberdare, ambayo floraidi yake ni kidogo. Ya kisima yawe ya kufulia na kuoshea nyumba. Mtaa ukiwa na uwezo, kuna vichujio vya mkaa wa mifupa na mashine zinazosukuma maji kupitia utando mwembamba. Hizo huipunguza floraidi kweli, mradi zitunzwe na mkaa ubadilishwe kwa wakati.

"Yakinuka dawa yameharibika." Hapana. Harufu kidogo ya klorini ni dalili kwamba bado kuna mlinzi ndani ya maji. Mhudumu wa kisima hutia dawa kwenye tangi, husubiri angalau dakika 30, kisha huchota maji kidogo kwenye kichupa na kudondosha kidonge cha kupimia. Maji yakigeuka waridi, hulinganisha rangi na kadi. Klorini iliyobaki ikiwa kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita, ni sawa. Yakibaki meupe, mlinzi amekwisha. Klorini nayo haigusi floraidi.

Mlinzi huyo anahitajika baada ya tangi. Tazama mabomba ya plastiki yanavyopita ndani ya mitaro ya majitaka katika mitaa yetu. Pampu ikizimwa, bomba hubaki bila nguvu, na palipo na ufa uchafu huvutwa ndani. Maji yaliyotoka tangini yakiwa safi yanaweza kukufikia na kipindupindu.

Kwa wanaosema maji maangavu ni salama, niseme kwa ufupi tu: jicho halioni bakteria wala floraidi.

"Yalipimwa kisima kilipochimbwa." Lini? Baada ya mvua kubwa au bomba kupasuka, kipimo cha zamani cha bakteria hakikuambii lolote la leo. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na bakteria wa kinyesi hata mmoja katika mililita 100. Kwetu tumeibandika karatasi ya maabara kwenye mlango wa kibanda cha maji, tarehe ikiwa juu kabisa, na mstari wa floraidi tumeupigia wino mwekundu ili kila mama mwenye mtoto mchanga auone kabla ya kuweka mtungi chini ya bomba.