"Kupanda kwa" si "kupanda hadi": ile 32 ya Fahrenheit

Juzi nimeisikia tena redioni. Msomaji wa habari alikuwa anaeleza lengo la Mkataba wa Paris wa 2015, kwamba dunia ijitahidi joto lisipande zaidi ya nyuzi 1.5 za Celsius, kisha akaongeza: "yaani nyuzi 34.7 za Fahrenheit." Joto likipanda kiasi hicho, asubuhi ya nyuzi 20 za Celsius inakuwa ya 39. Sidhani ndilo alilokusudia.

Kanuni yenyewe ni fupi, na wengi wetu tuliifanya shuleni: chukua Celsius, zidisha kwa 1.8, ongeza 32. Ukirudi, toa 32 kwanza ndipo ugawe kwa 1.8. Ndugu yetu alipiga hesabu sawasawa. Aliipiga tu mahali pasipo pake.

Hiyo 32 ilitoka wapi? Daniel Gabriel Fahrenheit, mzaliwa wa Danzig aliyetengeneza vipimajoto vya zebaki huko Uholanzi, alieleza mwaka 1724 kwamba sifuri yake ni baridi ya mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi. Chumvi hushusha joto chini ya lile la barafu tupu, ndiyo maana kwake maji yenye barafu yakasoma 32. Anders Celsius wa Uppsala, Uswidi, alipotoa kipimo chake mwaka 1742, alishika kuganda na kuchemka kwa maji, akagawa katikati sehemu 100. Naye alianza kinyume: kuchemka 0, kuganda 100! Baadaye ndipo kikapinduliwa. Sifuri, basi, ni mahali mtu alipochagua kuanzia kuhesabu, na 32 ni pengo kati ya vianzio viwili. Ile 1.8 ni jambo jingine: toka kuganda hadi kuchemka Fahrenheit ina nyuzi 180, Celsius 100.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tunaishi na jambo hili kila siku. Tiketi ikiandikwa 09:00, tunajua ni saa tatu asubuhi. Tunatoa 6 bila hata kufikiri, kwa sababu saa zetu zinaanza kuhesabiwa alfajiri inapoisha, si usiku wa manane. Lakini ukiambiwa basi linatembea kwa muda wa saa tisa, hutoi 6 ukategemea kushuka baada ya saa tatu. Muda wa njiani haujali saa zilianza kuhesabiwa wapi. Joto lililoongezeka nalo ni hivyo hivyo: zidisha kwa 1.8, uishie hapo.

Mtoto akiwa na 37, homa ikampandisha hadi 39, kwenye kipimajoto cha Fahrenheit ametoka 98.6 akafika 102.2. Toa uone: 3.6, yaani 2 mara 1.8. Ile 32 ilikuwamo pande zote mbili, ikajifuta.

Lugha yenyewe inatuonyesha. "Limepanda hadi" ni mahali joto lilipofika, na hapo 32 inaingia. "Limepanda kwa" ni kiasi kilichoongezeka, na hapo haiingii. Msomaji wa habari namsikiliza kila jioni na ninamheshimu. Ningemwomba tu safari ijayo aisome hivi: joto lisipande kwa zaidi ya nyuzi 1.5 za Celsius, yaani nyuzi 2.7 za Fahrenheit.