Joto na AC kwenye magari ya zamani ya spoti: dhana potofu na ukweli wake

Datsun 240Z ilishinda East African Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973, kwenye vumbi, tope na joto la barabara za huku. Gari la aina hiyo likichemsha leo kwenye foleni, usikimbilie kulaumu muundo wake, maana lilipotoka kiwandani lilipoa vizuri. Kilichobadilika ni rejeta iliyoziba, mpira wa maji uliochoka, au kifaa ambacho fundi alikitoa miaka iliyopita na hakikurudishwa. AC nayo ni hivyo hivyo.

Dhana: “Huku hakuna barafu, maji ya bomba yanatosha.”

Kulanti (kimiminika cha kupozea injini) haikutengenezwa kwa ajili ya barafu peke yake. Ina dawa za kuzuia kutu, hutunza sili ya pampu ya maji, na hupandisha kiwango cha kuchemka. Nairobi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, maji matupu yasiyo na presha huchemka karibu nyuzi 94, si 100. Mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji, ukiwa usawa wa bahari, huchemka karibu nyuzi 107 kabla hujahesabu presha ya mfuniko wa rejeta.

Injini ya 240Z ina bloku ya chuma na silinda hedi ya alumini. Metali mbili tofauti zikikaa pamoja ndani ya maji yenye chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Fungua kofia ya themostati (vali inayofunguka kwa joto ili maji yaende kwenye rejeta) ya gari lililoishi kwa maji ya kisima uone: unga mweupe, vishimo vidogo vidogo, na ukingo uliolika pale mpira wa juu unapokaa, kiasi kwamba klipu ukiikaza vipi bado panavuja.

Kwa rejeta ya shaba iliyounganishwa kwa risasi, tumia kulanti ya aina ya zamani yenye silikati, uibadilishe kila baada ya miaka 2. Ukimwaga, usiishie bomba la rejeta. Fungua na nati ya bloku, maana pale ndipo tope la kutu hulala. Baada ya kusafisha kwa maji, kiasi fulani hubaki ndani ya injini na huwezi kukitoa chote. Kwa hiyo tia kwanza kulanti halisi, isiyochanganywa, kiasi cha nusu ya ujazo wote ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, kisha malizia na maji yaliyotoneshwa. Ukianza na mchanganyiko tayari, utaishia na kulanti hafifu. Iliyomwagwa isiachwe sakafuni: ni tamu, mbwa huilamba, na ni sumu.

Dhana: “Likichemsha, toa themostati.”

Ushauri huu ndio ulioenea kuliko wote, na ndio unaotuudhi zaidi, kwa sababu huficha ugonjwa huku ukileta mwingine. Injini isiyofikia joto lake huchoma mafuta mengi, petroli huosha kuta za silinda, na oili haipati joto la kukausha unyevu. Isitoshe, kwenye baadhi ya injini, ikiwemo ya Jaguar E-Type za mwanzo, themostati ina sketi (mkanda wa chuma) inayoziba njia ya mkato injini ikishapata moto. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Yaani umetoa kifaa ili gari lipoe, nalo likazidi kuchemsha. Hata kuweka themostati isiyo na sketi kwenye injini hiyo ni kosa lile lile.

Nissan wenyewe, waliotengeneza Datsun, walikuwa na themostati ya kawaida ya nyuzi 82 kwa 240Z, na ya nyuzi 76.5 kwa nchi za joto. Kwa hiyo anayetaka injini ipoe mapema kidogo ana njia halali. Kuipima ni kazi ya jikoni: ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini, upashe moto polepole. Ianze kufunguka karibu na namba iliyogongwa juu yake, na ikifika nyuzi 95 hivi iwe imefunguka takriban milimita 8. Ikikwama au ikifunguka nusu, itupe.

Ukishaithibitisha, uliza gari linachemsha lini. Likichemsha kwenye foleni na kupoa ukienda kasi, tafuta upande wa hewa: feni, klachi ya feni, au kava la feni lililotolewa na mtu. Likipoa kwenye foleni na kuchemsha kwenye mlima au mwendo wa kasi, tafuta upande wa maji na moto: rejeta iliyoziba, mpira wa chini unaonywea injini ikizungushwa, taiming (wakati wa cheche kuwasha petroli) iliyochelewa, au kabureta zinazotoa petroli kidogo mno. Injini ikiwa na moto, pitisha kipimajoto cha infraredi juu ya uso wa rejeta. Joto lipungue taratibu kutoka upande maji yanakoingia. Ukikuta kiraka cha baridi katikati, mirija ya hapo imeziba. Na ukiwasha injini ya baridi bila mfuniko ukaona mapovu yasiyokoma, acha rejeta; hiyo ni gasketi ya hedi.

Dhana: “Weka mfuniko wa presha kubwa.”

MGB za mwanzo (gari la spoti la Uingereza) zilitumia mfuniko wa psi 7 (kipimo cha presha). Ukiweka wa 15, presha hiyo inaingia kwenye rejeta ya hita yenye umri wa zaidi ya miaka 50 iliyo karibu na miguu yako. Baki na presha ya kiwandani, ila mfuniko uwe mzima: sili laini, springi isiyo na kutu. Wala usiufungue injini ikiwa ya moto.

Dhana: “Porsche 911 inapozwa kwa hewa, haina cha kutunza.”

911 za kuanzia 1964 hadi 1998 hupozwa kwa hewa na kwa oili nyingi. Oili yake hupimwa injini ikiwa ya moto, ikinguruma taratibu, gari likiwa mahali tambarare. Wanaopima asubuhi injini ikiwa baridi huona kijiti kinaonyesha kidogo, wanaongeza, na oili iliyozidi inaishia kwenye mfumo wa hewa na moshi.

Mpira unaozunguka chumba cha injini si pambo. Ukipasuka, hewa ya moto iliyokwisha kupita kwenye silinda hurudi juu na kuvutwa upya na feni. Magari yenye kipoza oili mbele, kwenye bawa la kulia, yana mabomba yanayopita chini ya ubavu wa kulia, karibu kabisa na sehemu ya jeki. Jeki ikiwekwa vibaya huyabana na oili haiendi tena mbele. Baada ya mwendo wa dakika 20 za moto, gusa kwa tahadhari mabomba karibu na gurudumu la mbele la kulia. Yakiwa baridi, ama themostati ya oili imekwama au bomba limebanwa.

Dhana: “AC ikipungua ubaridi, gesi imekwisha, ongeza.”

Gesi haitumiki kama petroli. Ikipungua, imevuja, na mahali ilipovujia pana alama ya oili yenye vumbi. 911 ina tatizo lake: kompresa (pampu ya gesi) iko nyuma, evaporeta (inayopoza hewa ya ndani) mbele, kondensa (inayotoa joto la gesi nje) moja juu ya injini na nyingine mbele. Mipira ni mirefu sana, na ile ya asili huruhusu gesi ipenye taratibu kwenye kuta zake hata kama haijapasuka. Dawa ni mipira mipya yenye utando wa ndani wa kuzuia gesi.

Kabla ya kujaza, hakikisha kama kweli tatizo ni gesi. Kwenye Porsche 928, vali ya hita hufungwa kwa nguvu ya vakyumu (mvuto wa hewa). Kimpira chake kikitoboka, maji ya moto hupita kwenye hita huku AC ikipambana nayo, na unaambiwa gesi imepungua. Bana mpira wa hita kwa koleo laini. Ubaridi ukirudi, umepata jibu kwa bei ya vali.

Pia washa AC dakika 10 kila wiki, hata msimu wa baridi. Sili ya shafti ya kompresa isipopata oili hukauka na kuanza kuvuja.

Dhana: “Gesi ni gesi tu.”

Mengi ya magari haya yalitengenezwa kwa R12, gesi iliyowekewa udhibiti na Mkataba wa Montreal wa 1987, ambao sekretarieti yake ya ozoni iko Nairobi. Nchi zinazoendelea zilifikia ukomo wa gesi za jamii hiyo mwanzoni mwa 2010. Mtungi wa “R12 mpya” unaouzwa leo kwa bei ya kutupa utilie shaka. Ipimwe kwa kitambua gesi kwanza. Baadhi ya mchanganyiko unaopita mitaani una propani au butani, gesi za kupikia hizo, na evaporeta ya gari lako iko ndani, mnapokaa.

Kuhamia R134a, gesi mbadala wa R12, hufanywa hivi: gesi ya zamani ivutwe kwa mashine, isiachiwe hewani. Oili ya madini isafishwe, itiwe oili ya esta. Oringi zote ziwe za HNBR (aina ya mpira), na draya (kifaa kinachofyonza unyevu) iwe mpya, kwani ya zamani imekwisha kujaa unyevu. Vuta vakyumu dakika 45, funga vali, subiri dakika 30 uone kama geji inatulia. Hapa mafundi wa Nairobi huhangaika bure: geji ya kawaida haiwezi kusoma vakyumu ya inchi 29 za zebaki kwenye mwinuko ule, hugota karibu 24.5 hata pampu ikiwa mpya kabisa. Tumia geji ya mikroni (inayopima vakyumu kwa vipimo vidogo sana), ishuke chini ya 500. Dar es Salaam au Mombasa utaiona ile 29, lakini unyevu wa hewa ni mwingi, hivyo usiache mfumo wazi usiku kucha.

Halafu jaza kwa mizani, asilimia 80 hadi 85 ya uzito wa R12. Mfumo wa kilo 1 uwekewe gramu 800 hadi 850. Ukizidisha, presha ya juu hupanda na hewa hutoka ya moto zaidi. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 30, tegemea psi 25 hadi 35 upande wa chini, na 190 hadi 250 upande wa juu. Upande wa juu ukipita hapo na gesi ni sahihi, kondensa ya zamani haimudu R134a. Badilisha kwa yenye mirija bapa, na uzibe kwa sponji nafasi zote kati yake na rejeta ili feni ivute hewa kupitia kwenye mapezi, si pembeni.