Rosa Hakuwa na "Kasoro", Jamani

Juzi nimesahihisha insha 32 za watahiniwa wa kujitegemea ninaowafundisha jioni hapa Ng'ambo, Tabora. Zilimhusu Rosa, msichana wa Ukerewe katika *Rosa Mistika*, riwaya ya Euphrase Kezilahabi. Nilikaa chini ya mwembe, chai ya rangi na matobolwa pembeni. Insha 27 zilikuwa na sentensi moja, tofauti ni mwandiko tu: "Rosa alipoteza usafi wake kutokana na kasoro yake ya tamaa." Nilipofika ya kumi na tano niliweka kalamu chini, nikamaliza matobolwa kwanza, maana mtu mwenye njaa huchapa sifuri kwa hasira.

Sentensi hiyo imetoka kwenye desa, yale majibu ya kukariri, hilo nalijua. Ninachoona aibu kukisema ni kwamba desa lenyewe limetoka kwangu. Miaka ya mwanzo ya kazi nilichora ubaoni jedwali la safu tatu: mhusika, kasoro yake, anguko lake. Makbeth, uroho wa madaraka. Othello, wivu. Okonkwo, woga wa kuonekana dhaifu. Rosa, tamaa. Wanafunzi walilipenda kwa sababu linakaririka. Wawili kati yao sasa ni walimu, na mwaka jana nilikutana na jedwali langu kwenye duka la vifaa vya ofisini, limetolewa kopi, linauzwa shilingi 500. Jina langu halikuwepo, namshukuru Mungu.

Sasa tuanze kulibomoa. Neno tunalolitafsiri "kasoro ya shujaa" ni la Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, *hamartia*, na lina undugu na kitendo cha mpiga mshale kukosa shabaha. Babu yangu kule Sikonge alikuwa na upinde. Akirudi mikono mitupu hakuna aliyesema babu ana tabia mbaya. Walisema upepo ulikuwa mkali, au swala alistuka, au (bibi ndiye aliyesema hili) macho yake yameisha na hataki kukubali. Neno hilohilo la Kigiriki ndilo tunalolisoma katika Injili zetu kama "dhambi", na nadhani huko ndiko wengi wetu tuliolelewa karibu na misheni tulikopotelea: tukisikia *hamartia* tunamtafutia mhusika dhambi ya kuungama.

Mchukueni Edipode, mfalme katika tamthiliya ya Mgiriki Sophocles. Alimuua mtu njia panda bila kujua kuwa ni baba yake, akamwoa malkia bila kujua kuwa ni mama yake. Desa linasema kasoro yake ni kiburi. Kiburi! Mtu alihama mji aliolelewa ili asije akafanya hicho hicho alichotabiriwa. Najua mtanibana hapa, kwamba mtu anayeua kwa sababu ya kugombea njia si mpole. Kweli, na sina jibu la kuwatosha. Ila hasira ya barabarani si kumuua baba, na kinachotisha katika tamthiliya ile ni kile asichokijua.

Hilo lilikuwa la kasoro. Linalonikera zaidi ni lile neno "usafi".

Wanafunzi wangu wakiandika usafi wanamaanisha ubikira, basi. Ndiyo maana neno hilo huwapata wasichana peke yao. Tangu nianze kufundisha sijawahi kusoma insha inayosema mvulana fulani katika riwaya amepoteza usafi. Mvulana "amekomaa". Msichana "ameharibika". Ni tukio lilelile, lakini tumelipima kwa mizani mbili, kisha tunaita uchambuzi.

Mimi nimeacha kutumia neno usafi darasani. Natumia ujinga, na kila mwaka wananicheka. Ujinga leo ni tusi, lakini zamani za misafara mjinga alikuwa pia mgeni, mtu aliyefika karibuni asiyejua bado mambo ya pale alipofika. Watu wa bara waliofikishwa pwani utumwani waliitwa wajinga kwa maana hiyo. Mjinga wa namna hii hajakosa akili. Hajaambiwa tu. Lugha yetu pia inajua nani anapata hasara siku ujinga unapomtoka mtu: mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Soma methali hiyo polepole halafu unieleze kwa nini tunamlilia mjinga wakati aliyeingia mashakani ni mwerevu.

Ukishika hilo, Nwoye, mtoto wa Okonkwo, anaonekana vizuri. Wengi mmemsoma katika *Shujaa Okonkwo*, tafsiri ya Clement Ndulute ya 1973 ya riwaya ya Chinua Achebe, mkakazana na baba mtu. Ikemefuna, mvulana aliyetolewa fidia na kijiji kingine, amekaa kwa Okonkwo miaka mitatu. Anamwita baba. Kijiji kinaamua auawe, na mzee Ezeudu anakuja kumwonya Okonkwo asitie mkono katika kifo cha mtoto anayemwita baba. Okonkwo anakwenda. Njiani Ikemefuna anapigwa, anamkimbilia yeye huku akilia kwamba wanamuua, na Okonkwo anachomoa panga na kummaliza, kwa sababu aliogopa kuonekana dhaifu. Hiyo sasa ndiyo kasoro ya tabia, ya kweli kabisa, sibishi. Kwenye mstari huo jedwali langu lilipatia. Lakini geuza macho utazame nyumbani. Usiku ule baba anaingia, na Nwoye anajua. Hakuna aliyemwambia. Anajua tu, na ndani yake kitu kinakatika, anasema Achebe, kama upinde uliokazwa unapovunjika. Na si mara ya kwanza: aliwahi kuhisi hivyo siku waliporudi shambani kuchimba viazi vikuu, akasikia vilio vya pacha waliotupwa msituni.

Mnaona kilichotokea? Kasoro iko kwa mtu mmoja na hasara iko kwa mwingine. Jedwali langu liliweka vyote viwili kwenye mstari mmoja, kana kwamba aliyeumia ndiye aliyekosea.

Rudini Ukerewe sasa. Zakaria, baba yake Rosa, ni mlevi. Anagundua barua ya mvulana, na binti anapigwa kipigo cha kukumbukwa kwa ajili ya karatasi. Baada ya hapo Rosa anaogopa hata kusimama na mvulana. Anapelekwa shule Mwanza bila kujua chochote kuhusu wanaume isipokuwa kwamba wanasababisha fimbo. Halafu anatokea mtu mzima, mwenye kazi na maneno matamu, na hapo ndipo wanafunzi wangu 27 wanapoandika "tamaa". Tamaa ya nani? Msichana amefungiwa mlango wa kujua, akafunguliwa mara moja na mtu aliyekuwa anaujua mlango huo vizuri. Kezilahabi hakuficha hili, na nadhani ndilo lililowakera wakubwa zaidi ya zile kurasa zilizofanya riwaya hiyo ya 1971 ipigwe marufuku shuleni.

Mzazi mmoja aliposikia nimewaazima wanafunzi kitabu hicho alinisimamisha sokoni. "Shikamoo mzee," nikasema. "Marahaba. Mwalimu, kitabu kile kinaharibu watoto. Mimi wa kwangu hata simu simruhusu kushika." Nilitaka kumwambia kwamba yumo ndani ya kitabu, ukurasa wa mwanzo mwanzo. Nikanunua nyanya nikaondoka. Mtu mzima humwambii hivyo mbele ya wauza nyanya.

Lakini nisijifanye nimemaliza. Rosa wa Morogoro, mtu mzima anayesomea ualimu, anafanya mambo kwa kujua, na watu wanaumia. Nikisema kila kitu ni Zakaria, namnyang'anya Rosa akili yake na kumrudisha kuwa mtoto, na huo nao ni udhalimu. Mstari uko wapi? Kila nikirudia kusoma nauchora mahali pengine. Mwandishi mwenyewe hakuuchora wazi: mchumba anamkataa kwa kuwa si bikira, Rosa anajiua, kisha baba na binti wanafikishwa mbele ya Mungu kuhukumiwa na wanalaumiana hadi huko.

Na kuna Brutus wa Shakespeare, mmoja wa waliomuua Kaizari wa Roma, anayenivurugia nadharia yote. Mwalimu Nyerere alifundisha hapa hapa Tabora, shule ya Mtakatifu Maria, kabla ya kwenda Edinburgh 1949, na mwaka 1963, akiwa Rais, akatoa tafsiri yake ya tamthiliya hiyo ya Kaizari. Cassius, mla njama mwenzake, anapanga barua bandia zenye miandiko tofauti zirushwe dirishani kwa Brutus, naye anaamini Roma nzima inamwita. Baada ya kumuua Kaizari anamruhusu Antonio, rafiki wa marehemu, ahutubie mazishini, tena anaondoka, asisikie! Huyu ni mjinga kwa maana yangu ya zamani, mgeni katika siasa za mji wake mwenyewe. Ila ana umri, ana mke, ana jina. Ujinga wa mtu mzima aliyeweza kuuliza na hakuuliza ni kasoro au si kasoro? Kwa Rosa nasema hapana. Kwa Brutus mkono unataka kuandika ndiyo. Labda naye nampima kwa mizani ya pili, sijui.

(Kuhusu Shylock, yule mkopeshaji katika tamthiliya nyingine ya Shakespeare, nitaandika siku nyingine. Kwa sasa angalieni jalada tu: Nyerere aliandika *Mabepari wa Venisi*, kwa wingi, wakati Shakespeare alisema mfanyabiashara mmoja. Anayeweka kasoro yote kwa Shylock hajasoma hata jina la kitabu.)

Mmoja wa wale 27, binti anayeuza asali stendi mchana, alikuja kulalamikia alama 9 kati ya 20. Nikamwambia asome kwa sauti ile sehemu ya barua. Akasoma, akanyamaza, akarudia mstari mmoja kimoyomoyo. Kisha akafunga kitabu. "Nimekuelewa, Mwalimu. Ila mtihani ukija na swali la kasoro za mhusika, nijibu hili la kwako au la desa?"

Mtihani ni Novemba, na sijamjibu.