Umeokota mtoto wa mbwa? Mtenge kwanza, mengine yatafuata

Masika ikianza watoto wa mbwa wanaanza kuokotwa, mtaroni, chini ya kalavati, kwenye kiroba nyuma ya soko. Mi ni daktari wa mifugo hapa Dar na simu za namna hii napata sana, nazipenda kwakweli, maana yake kuna mtu kasimama wakati wenzake wote wamepita. Ila swali la kwanza huwa lile lile, "dokta nimuogeshe na nini?", na hapo ndo nataka tuongee leo, sababu kuogesha ni kitu cha kusubiri kabisa. Cha kwanza ni kumtenga. Mtoto wa mbwa wa mtaani akae siku 14 peke yake kabla hajaonana na mbwa wako na paka wako, na kabla watoto wa nyumbani hawajaanza kumbeba kama mdoli. Mtu mmoja mzima amlishe na kumsafishia, basi.

Kabla ya yote lakini, hebu angalia kama kweli hana mwenyewe. Mama yake anaweza kuwa ameenda kutafuta chakula tu, na mtoto wa chini ya wiki nane yuko salama zaidi na mama yake na wenzake kuliko kwako, huko ndo anajifunza mpaka nguvu ya kung'ata iishie wapi. Uliza majirani, uliza mama ntilie wa hapo, uliza mlinzi wa usiku, hao wanawajua mbwa wote wa mtaa. Kama mama amegongwa au mtoto amefungwa kwenye mfuko akatupwa, hapo mchukue. Mshike na taulo au kanga ya zamani, sio mikono mitupu, hata kama ni mdogo kiasi gani.

Na hapa niseme kitu ambacho wengi hawakijui. Watu wanaamini kichaa cha mbwa ni cha mbwa wakubwa wanaotoa mapovu barabarani. Mtoto wa mbwa anaugua kichaa vilevile, akishang'atwa na mbwa mgonjwa au kulambwa kwenye kidonda inatosha, na dalili zinaweza kuchukua wiki kadhaa au hata miezi kujitokeza, kwaiyo siku uliyomwokota anaweza kuwa anacheza vizuri tu. Ndo maana zile siku 14 hazitoshi kusema hana kichaa. Zinakusaidia kwa magonjwa mengine, kwa kichaa unaendelea kumwangalia miezi yote ya mwanzo, hata baada ya chanjo, kwasababu chanjo haiwezi kumwokoa ambaye kirusi kilishaingia kabla. Mabadiliko ya ghafla ndo ya kuogopa, alikuwa mpole sasa anang'ata mpaka mawe na miti, sauti imebadilika, mate yanamtoka, taya limelegea hawezi kumeza. Hiyo ya taya isome mara mbili tafadhali, maana mtu anaiona anadhani mfupa umekwama kooni, anaingiza mkono mdomoni autoe. Usiingize mkono. Mfungie hapo alipo na upige simu kwa dokta au afisa mifugo wa kata.

Akikung'ata au kukukwaruza, hata kwa mchezo na vile vijino vyake kama sindano, osha na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, angalia saa, dakika 15 ni nyingi kuliko unavyofikiri. Hamna kupaka majivu, pilipili wala mafuta ya taa. Alafu nenda hospitali siku hiyo hiyo, sindano zinaanza mapema kwasababu dalili zikishatokea kwa binadamu ugonjwa huu unaua, karibu kila mtu. Na yule mbwa msimuue mkamzika! Afungiwe aangaliwe siku 10, akimaliza mzima maana yake siku ile alipokung'ata mate yake hayakuwa na kirusi, hiyo ni habari njema na daktari wa hospitali ndo ataamua kama sindano zisimame. Akiumwa au akifa kati hapo, watu wa mifugo waambiwe ili kichwa cha mbwa kipimwe.

Sasa watoto. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa ni watoto chini ya miaka 15. Na mimi nachokiona kinachowaponza ni kufichaficha. Mtoto aliambiwa "ole wako nikukute na hako kambwa", akang'atwa kidole akicheza nako, unafikiri atakuja kusema? Atafunga na kitambaa atanyamaza. Kwaiyo siku unapomleta mbwa nyumbani kaa na watoto wote, wa kwako na wale wa jirani wanaoshinda kwako, waambie wazi kwamba aking'atwa au kukwaruzwa aje aseme na hatapigwa, hatagombezwa, na mbwa hatatupwa. Alafu utimize. Nawaomba wazazi wenzangu, hii ahadi ina thamani kuliko dawa yoyote nitakayowaandikia kwenye karatasi.

Haya, tumtenge wapi? Banda la kuku lisilotumika, stoo, bafu la nje, kona ya veranda umeizungushia mbao, popote pasipopita mbwa wengine na panapofika kivuli na hewa. Sakafu ya saruji ni bora kuliko udongo kwasababu ya pavo. Pavo ni kirusi cha utumbo, mtoto anatapika, anaharisha damu yenye harufu kali usiyoweza kuisahau, na bila matibabu wengi wanakufa ndani ya siku chache. Kirusi chenyewe kinakaa ardhini miezi mingi, mpaka mwaka. Sabuni ya kawaida haikiui, jiki inakiua, kikombe kimoja kwenye vikombe 30 vya maji, unasugua uchafu kwanza ndo unamwaga jiki iache dakika kumi. Kwenye udongo jiki haisaidii kitu. Kwaiyo kama mwaka huu mbwa alikufia kwako kwa kuharisha damu na uani kwako ni mchanga, usilete mtoto asiyechanjwa hapo, mtafutie ndugu au rafiki wa kukaa naye mpaka amalize chanjo. Uwe pia na ndala za kuingilia kwake tu, na unamhudumia yeye mwisho, baada ya mbwa wako wa zamani.

Akifika hana nguvu na mwili wa baridi, usikimbilie maziwa. Mpashe joto kwanza, chupa ya maji ya moto umeifunga na kitambaa, maana mtoto wa baridi tumbo lake halisagi, na ukimmiminia kitu mdomoni kinaingia kwenye mapafu. Akiwa amelegea kabisa mpake asali au maji ya sukari kidogo kwenye fizi ukiwa njiani kwa dokta. Akishapata joto anakula kidogo kidogo mara nne kwa siku, uji mzito au ugali laini na dagaa waliochemshwa bila chumvi wakasagwa, au yai la kuchemsha. Maziwa ya ng'ombe mengi wanaharisha, alafu huwezi kujua tena ni maziwa au ni pavo. Mbwa aliyekonda sana ukimjaza siku ya kwanza unamdhuru, najua roho inakuuma unataka ale mpaka ashibe, ila subiri.

Fungua mdomo uangalie fizi. Zikiwa za pinki sawa. Zikiwa nyeupe ana upungufu wa damu, mara nyingi ni minyoo ya safura, viroboto au kupe, na huyo ni wa dokta leo, sio kesho. Minyoo karibu wote wanayo, wengine wanazaliwa nayo kabisa kwasababu inapita kwa mama tumboni na kwenye maziwa, kwaiyo dawa ya minyoo inatolewa kwa uzito na inarudiwa kila baada ya wiki mbili wakati bado mdogo. Kinyesi kiokotwe kila siku kichimbiwe mbali, mayai ya minyoo ya duara yanahitaji wiki moja mpaka nne ardhini ndo yaweze kuambukiza, ukiwahi umewakinga watoto wanaocheza mchangani.

Kuogesha sasa, mana najua mlikuwa mnaisubiri. Nakataza kwa nguvu zote dawa ya kuogeshea ng'ombe. Watoto wa mbwa wanaletwa kwangu wanatetemeka, wanadondosha mate, wamepoa, kwa sababu ya kifuniko kimoja cha dawa ya josho ndani ya ndoo, kipimo kilichotengenezwa kwa mnyama wa kilo mia tatu. Sindano ya aivamektini ya ng'ombe, ile dawa ya minyoo na wadudu wa ngozi, nayo hivyo hivyo, tone la ziada kwa kitoto cha kilo moja ni sumu. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya kawaida ya mtoto, kitana chembamba cha viroboto, kupe unawang'oa na kibanio mmoja mmoja unawatupia kwenye spiriti, alafu mkaushe vizuri. Na kama una paka, dawa yoyote ya viroboto na kupe yenye pemethrini isimfikie, inaua paka.

Chanjo ya mchanganyiko, ile yenye kinga ya pavo na ya distempa, ugonjwa mwingine wa kirusi, inaanza wiki ya sita mpaka ya nane na inarudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afike wiki 16. Msiache katikati, kinga aliyopata kwa mama inaweza kuizuia chanjo ya mwanzo isishike. Distempa wanaiona ya mbwa tu, lakini mwaka 1994 iliua kama theluthi ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijijini ndo walihusishwa. Chanjo ya kichaa kawaida anachomwa akifika miezi mitatu, inarudiwa kila mwaka. Kwenye tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sehemu nyingi wanachanja bure, ulizieni kwenye kata.

Nyumba zenye watu wanaotunza udhu, na huku pwani ni nyumba nyingi, muongee mapema kabla mbwa hajaingia. Mama mkwe asikute mbwa amelamba sufuria ndo ajue kuna mbwa. Vyombo vyake viwe vyake, vioshewe nje, banda liwe mbali na mahali pa kuswalia na njia ya kwenda msikitini, na wa kumshika ajulikane ni nani. Mipango hiyo ikiwepo toka siku ya kwanza nimeona mbwa wanaishi miaka kwenye nyumba hizo bila ugomvi.

Siku 14 zikipita na yuko mzima, sasa akutane na mbwa wako mkubwa. Isiwe ndani ya geti, pale ni pa mwenyewe. Tokeni nje kwenye uwazi, watu wawili, kamba mbili, mnatembea upande mmoja mkiwa mmeachiana nafasi, taratibu mnasogeleana. Mkubwa akinguruma mwache, anasema "niache", mtoto anatakiwa aisikie hiyo lugha. Ukimpiga kwa kunguruma atajifunza kung'ata bila kuonya. Akikakamaa na kukodoa macho bila kupepesa, sogezeni mbali mrudie kesho. Chakula kila mmoja na kona yake, vyombo viondolewe wakimaliza. Paka apewe sehemu ya juu ya kukimbilia, na kuku nao, mtoto wa mbwa awaone akiwa amefungwa kamba mpaka awazoee.

Usiku ndo kuna hatari kubwa na watu wanausahau. Mbwa wetu wengi wa ulinzi wanafungwa mchana wanafunguliwa usiku, wakitoka wana nguvu zote za siku nzima na hakuna mtu wa kuangalia. Mtoto wa mbwa alale amefungiwa kwenye banda lenye komeo wiki zote za mwanzo, hata kama mchana wanacheza vizuri, mpaka umewaona wakila karibu karibu bila kukakamaa na yeye amekua vya kutosha kukimbia. Mlinzi naye umwambie, sababu yeye ndo mwenye ufunguo saa sita usiku.